Kinyesi cha Kuazima

Tumbo langu lilianza kunisumbua mwaka ule mume wangu alipopunguzwa kiwandani, ila sitaki kusema kiwanda ndicho kilichonipa tumbo. Nimeliwaza sana jambo hili na naona si haki. Siku ile walipunguzwa watu wengi, na wake zao wakaendelea kwenda chooni mara moja kwa siku bila matata. Kwa hiyo naandika tu kwamba mambo hayo mawili yalitokea karibu karibu. Atakayesoma apime mwenyewe.

Elimu yangu ni darasa la saba, tena la saba la kujikongoja, na daftari hili sikulianza kwa sababu najiona mwandishi. Nililianza ili nimkamate mhalifu. Upande wa kushoto niliandika nilichokula, upande wa kulia nikaandika tumbo lilivyojibu. Maharage nilikuwa nimeshayahukumu moyoni kabla sijashika kalamu, lakini daftari likaniumbua. Kuna Jumanne nilikula maharage sahani mbili nikashinda salama salimini. Jumatano yake nikanywa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, tumbo likanikimbiza mara nne kabla ya saa sita. Nikaandika chini yake: "Maharage yasamehewe kwa sasa." Wiki iliyofuata nikayashitaki upya. Mpaka leo kesi hiyo haijaisha.

Maumivu yenyewe yalikuwa ya kusokota. Yalianzia chini ya kitovu, upande wa kushoto, kama mtu anakamua shuka, akimaliza kukamua anakung'uta. Halafu tumbo linavimba. Mara tatu nilipewa hongera ya mimba, na mara moja niliikubali kwa sababu aliyenipongeza alikuwa mama mtu mzima na nilishindwa kumvunja moyo. Siku nyingine choo kinagoma siku tatu nzima, siku ya nne kinakuja chote kwa pamoja kama watu wa mnadani. Na gesi. Kuhusu gesi nitasema kidogo tu: kanisani, ule wakati padri anaponyamaza na watu wote wananyamaza, tumbo langu lilikuwa linachukua nafasi ya kwaya. Siku moja mama aliyekaa mbele yangu aligeuka akamkagua mwanawe mgongoni. Mtoto wa watu alikuwa hana kosa, na mimi nikanyamaza. Nimeliandika hilo daftarini kama dhambi, sijui kama ni kubwa au ndogo.

Kwa mtu mwingine tumbo kama hilo ni shida ya nyumbani tu. Kwangu lilikuwa siri ya kazi, maana mimi nilikuwa mama ntilie. Mume wangu alipopunguzwa nilitandaza turubai nje ya lango la kiwanda kile kile, nikawa napikia waliobaki: wali, ugali, maharage, nyama siku ikiruhusu. Mama ntilie mwenye tumbo ni sawa na kinyozi mwenye mapunye. Mteja akikuona unaingia chooni mara ya tatu, sahani anaiacha hapo hapo, tena anakwenda kuwaambia wenzake. Simlaumu, hata mimi ningeiacha. Kwa hiyo nikajifunza kuficha. Nilikuwa nabeba ndoo kila ninapokwenda chooni, watu wadhani naenda kuteka maji. Wakanisifu kwa usafi.

Hapo ndipo zinapoingia dawa. Zamani ukiumwa tumbo ulikuwa unapanga foleni zahanati, ukifika dirishani unaambiwa dawa hakuna, unarudi nyumbani na tumbo lako. Ruksa ilipokuja, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu, kila kona ya mtaa wetu wa Mji Mpya ikaota duka la dawa baridi, na humo mlikuwa na kila kitu, baridi na moto. Mimi nilikuwa nanunua rangi mbili, vile vidonge vya gamba vyenye nusu nyekundu na nusu njano, moja moja kama karanga. Tumbo likisokota nameza viwili. Likitulia naacha, nabakiza cha kesho. Mume wangu akikohoa namgawia. Kuku wetu waliposhikwa na kideri tuliwafungulia kimoja kwenye maji ya kunywa. Kuku wakafa. Sisi tukaendelea kumeza. Mama aliyekuwa anauza pale dukani alivaa koti jeupe na alikuwa na sauti ya upole, na nisije nikamsingizia: hakuwahi kunishika taya akanilazimisha. Mara moja aliniuliza, "Mama, hizi unakunywa dozi au unaonja?" Nikamwambia naonja. Akacheka, akaniuzia.

Sasa niseme habari za mtani wangu, maana bila yeye hakuna la kusimulia.

Mimi ni Mnyamwezi, nilizaliwa Tabora. Yeye ni Mluguru wa Kinole, tulikuwa tunapanga nyumba moja ya vyumba sita, mlango wake unatazama wangu. Kila wiki alipanda kwao mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akashuka na ndizi na magimbi ya kuuza sokoni. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi ya mababu zetu waliopita njia hii na mizigo kichwani. Utani ni kazi, si mchezo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuvaa kandambili zako akaenda nazo Bigwa, na wewe ukikasirika ndiye unayeonekana huna adabu. Na akikuomba kitu, kumnyima ni aibu.

Ukimwacha mume wangu, tumbo langu alilijua yeye peke yake, maana choo cha uani kilikuwa kimoja na yeye alikuwa na masikio.

"Mnyamwezi gani wewe?" alikuwa ananiambia. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Wewe tumbo lako mwenyewe limekushinda kulibeba kutoka kitandani mpaka uani!"

"Nyamaza, mtani. Nyie si mnalima ukutani? Mtu akiteleza shambani kwake anakwenda kutua shambani kwa shemeji."

"Tunateleza, ila hatuharishi."

Na kweli, tumbo lake lilikuwa la chuma. Kiporo cha juzi, embe bichi, maji ya mto, vyote vilipita na yeye hana habari. Kitu pekee nilichokiona, na nilikiona bila kukifikiria, ni kwamba alikuwa anapumzika sana. Akishuka na ndizi anaketi mlangoni kwanza, mdomo wazi, ndipo anasalimia. Halafu alipenda kutafuna vile vijiti vya udongo wanavyouza sokoni kwa wajawazito, na yeye hakuwa mjamzito. Tulisema ni tamaa ya kike. Aliyesema hivyo wa kwanza ni mimi.

Basi kiwanda kikapata mwenyewe mpya, mwekezaji, na Jumatatu moja bwana afya akatukusanya mama ntilie wote tuliokuwa langoni. Alisema mama mmoja tu ataingizwa ndani ya uzio apikie wafanyakazi. Ndani kulikuwa na banda la bati, bomba la maji, na meza. Mimi nilikuwa nimepika mvua tatu chini ya turubai lenye matundu, nikisikia neno bomba nasisimka mwili. Atachaguliwa kabla ya Ijumaa jioni, akasema, na asiye na cheti cha afya asijisumbue. Kila mmoja apeleke choo kikubwa zahanati kikapimwe.

Wakati ule choo kilikuwa kinapelekwa ndani ya kiberiti. Unamimina njiti, unaweka mzigo, unafunga, unakwenda nao mkononi kama mvutaji sigara. Lakini Jumanne asubuhi nilipotazama changu, sikuona cha kumwonyesha mtu. Kilikuwa na makamasi, na sitaeleza zaidi. Nikajua kabisa nikipeleka hiki, cheti nimekikosa na habari zimefika langoni kabla yangu. Nikagonga kwa mtani.

"Mtani, nina shida."

"Sema."

"Naomba unipe kinyesi chako."

Alinitazama, akatazama mlangoni kama kuna mtu nyuma yangu aliyenituma, halafu akacheka mpaka akaketi chini.

"Watani wa wenzangu wanaomba kuku," alisema akijifuta machozi. "Wangu anaomba mavi! Unataka kiasi gani? Debe?"

"Kiberiti kimoja tu."

"Kumbe ukoo wenu umefilisika namna hii. Hata hiki hamna."

Lakini hakuninyima. Baada ya muda alirudi kutoka uani na kiberiti kimefungwa kwa kipande cha jani la mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili na goti akapiga. "Cha mlimani hicho," alisema. "Usile njiani."

Pale maabara alikuwepo bwana mmoja wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, hana maneno mengi. Alichukua kiberiti, akaniambia nisubiri kwenye benchi. Nilisubiri nikiwa na furaha, nisifiche. Nilikuwa nimeshaanza kupanga sufuria zitakaa upande gani wa lile banda. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, unatembea vizuri?"

"Natembea."

"Husikii kizunguzungu? Moyo haukimbii ukipanda mlima?"

"Hapana."

"Huli udongo?"

Hapo nikamkumbuka mtani na vijiti vyake.

"Mama, una safura," alisema. "Mayai ya minyoo nayaona yamejaa humu, sijaona mengi hivi muda mrefu. Hawa wanaingia kwa miguu, ukitembea pekupeku shambani. Wakifika tumboni wanakunywa damu. Nashangaa umesimama. Mtu mwenye minyoo mingi hivi anaweza kuanguka moyo ukasimama, na watu wakasema karogwa."

Nikamwuliza kuhusu cheti. Sijivunii kwamba ndilo swali langu la kwanza, lakini ndilo.

Akasema safura haiambukizwi kwa chakula, kwa hiyo cheti haikizuii, mradi ninywe dawa. Bwana afya atasaini Jumatano, nije kukichukua Alhamisi. Siku hiyo hiyo anipime na wingi wa damu. Akanipa vidonge vya minyoo kwenye kipande cha gazeti.

Nilitoka pale nikiwa nimepata nilichotaka, na vidonge vya mtu mwingine mkononi. Nikaona mambo ni mepesi. Nampa mtani dawa zake, anapona, nachukua cheti, naingia kwenye banda la bati. Jioni nikamwita.

"Mtani, meza hivi. Wamekukuta na minyoo."

"Wamekukuta wewe. Kiberiti kilikuwa mkononi mwako."

"Nakwambia kweli. Una safura. Damu imekwisha mwilini."

"Eti Mnyamwezi anataka kunilisha sumu arithi ndizi zangu," akawatangazia wapangaji wengine waliokuwa uani. Wote wakacheka. Nikaapa kwa Mungu. "Unaapa kila siku," akasema. "Juzi uliapa kwamba mjomba wangu ameshuka kutoka mlimani na kesi ya shamba, nikatoka bafuni na povu."

Ni kweli niliapa hivyo, na ni kweli alitoka na povu. Miaka minne nilikuwa nimemdanganya kwa haki ya utani, na yeye kanidanganya mimi, tukafurahi. Siku niliyokuwa na neno moja la kweli, halikuwa na mahali pa kukaa. Nikajaribu kulia kidogo ili aone si mzaha. Akasema, "Angalieni anavyojua!" na wenzake wakapiga makofi. Vidonge akawatupia kuku wa jirani, wakavidonoa.

Jumatano asubuhi nilimwona bombani. Alinyanyua ndoo, akairudisha chini, akaketi kwenye jiwe. Midomo ilikuwa haina rangi. Nikamshika mkono kama namwamkia, nikakigeuza kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga uliokandwa.

"Unatafuta nini, unasoma bahati?" akaniuliza.

Nikamweleza mume wangu yote. Yeye ni mtu wa utaratibu, kiwandani alikuwa anasimamia mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho chukua cheti. Ijumaa upate nafasi. Jumatatu mpeleke mtani wako zahanati, useme anaumwa, wampime upya kwa jina lake. Safura amekaa nayo miaka, haiwezi kumwua kati ya leo na Jumatatu."

Nimeuandika ushauri huo neno kwa neno, maana ulikuwa na akili na mpaka leo sina jibu lake. Pengine alikuwa sahihi. Pengine nilichokifanya nilikifanya kwa sababu ya woga tu, kwamba angeanguka Jumamosi huko juu mlimani na mimi ndiye ninayejua. Siku ile maharage yaliniungulia sufuriani mara ya kwanza tangu nianze biashara, na wateja walikula bila kusema kitu. Nao nawashukuru.

Nilijua mtani hataniamini mimi. Angemwamini mtu mwenye darubini. Lakini nikimpeleka pale, bwana wa maabara ataona matatizo aliyoyasoma Jumanne yamekaa kwenye mwili mwingine, na cheti changu kwisha. Na kwenda kwa hiari yake hataki. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikamwendea kwa mlango tunaoujua wote wawili.

"Mtani, kule zahanati nimebishana na yule bwana. Nimemwambia Waluguru hawana damu, mna maji ya mto humo ndani. Akasema ana hamu ya kumwona mmoja."

"Ulisema hivyo mbele ya watu?"

"Benchi zima lilisikia."

Alivaa kanga safi akatangulia yeye. Njiani tulipumzika mara tatu, na kila akipumzika ananitukana ili nisione kwamba anapumzika.

Bwana wa maabara alikuwa na cheti changu mezani, kimeshasainiwa, muhuri umekaa vizuri. Mtani akaingia akasema, "Shikamoo. Nimekuja kuonyesha damu ya Waluguru." Yule bwana akacheka, akamwambia aketi, akamvuta kope la chini la jicho. Akaacha kucheka. Akanitazama mimi, akatazama kope langu pia. Langu lilikuwa jekundu la kutosha.

Nikasema, "Kile kiberiti kilikuwa chake."

Alivua miwani, uzi ukanasa sikioni, akahangaika nao kabla ya kujibu.

"Mama," alisema, "hapa nimeletewa mavi ya mbuzi. Nimeletewa ugali uliochanganywa na kahawa. Bwana mmoja aliniletea ya mbwa, akagombana na mimi kwamba majibu si yake. Lakini hajawahi kuja mtu kusema."

Mtani alitutazama mmoja mmoja kuona nani atacheka. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, ya kupandisha mwishoni kama wanavyosema kwao juu, "Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nikamwambia asingejua, na hilo kosa ni la wote wawili.

Bwana wa maabara akamtoboa mtani kidole. Sitaandika kipimo kilichotoka kwa sababu sikukielewa, ila bwana yule alisema kwa damu ile asipande mlima tena mpaka atakaporuhusiwa, na akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo. Halafu akachukua cheti changu akakichana. Ilikuwa haki yake. Ningekuwa mimi ningekichana vipande vidogo zaidi.

"Sasa wewe," akasema, "leta chako." Akanipa kikopo. Siku hiyo tumbo langu halikuwa na tatizo la kutoa, nilirudi upesi. Niliketi kwenye benchi nikisubiri kusomewa magonjwa yote, nikamwomba Mungu angalau yasiwe na majina marefu.

"Hamna kitu," alisema.

"Hamna kitu gani?"

"Hamna mdudu, hamna yai, hamna damu. Ni safi."

"Angalia tena."

"Nimeangalia mara tatu, mama. Ungeleta chako mwenyewe ningekuandikia cheti Jumanne ile ile."

Nilishikwa na kicheko, halafu nikashikwa na msokoto, vyote pamoja, nikainama. Nikamwuliza kama ana maana siumwi, nazua. Akasema hapana, naumwa kabisa, ila ugonjwa wangu hauonekani kwa darubini. Akaniuliza dawa nilizokunywa. Nilipoanza kumtajia rangi mbili, akaacha kuandika. Alisema utumbo una wakazi wake, vijidudu vidogo visivyo na hesabu, na wengi ni watu wema, wanasaidia kusaga chakula na kulinda nyumba. Kila ninapoonja vile vidonge nawafukuza wema na wabaya pamoja, na wanaowahi kurudi si wale wema. Miaka mitatu nimefanya hivyo. Sasa utumbo umebaki mwoga, kitu kidogo unashtuka na kujisokota. Alisema dawa ya kuumaliza hana. Niache kuonja vidonge, nile taratibu, nisikae na njaa, na niendelee na lile daftari nililomtajia. Akasema nitaishi nao. Hakusema mpaka lini.

Nilimwomba basi aniandikie cheti kingine. Akasema angeandika, lakini lazima bwana afya asaini, naye asubuhi hiyo ameondoka kwenda Ngerengere mpaka Jumatatu.

Ijumaa jioni nafasi ikaenda kwa mama mwenzangu aliyekuwa anapika upande wa pili wa lango. Nilitaka sana kuandika kwamba alipendelewa. Hakupendelewa. Wali wake ulikuwa unachambuka punje kwa punje, wangu mara nyingi ulishikana. Mume wangu hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza. Siku ya tatu ndipo alipozungumza. Alikuwa amefikiria yale maneno ya wakazi wa utumbo, jinsi wanavyoondolewa wale wanaoijua kazi, wanaletwa wageni. Akasema, "Kwa hiyo tumbo lako nalo limebinafsishwa." Tukacheka mpaka nikakimbia uani.

Mtani alilazwa siku sita, akarudi na vidonge vya damu vya kunywa kwa miezi kadhaa. Vidonge hivyo vinageuza choo kuwa cheusi kama lami, na kila asubuhi alikuwa anatutangazia rangi ya siku. Mashavu yakaanza kurudi. Udongo akauacha mwenyewe, hakuna aliyemkataza. Mimi niliacha rangi mbili. Mwezi wa kwanza tumbo lilinikomoa hasa, wa pili likapunguza, wa tatu likarudia. Nilianza kunywa togwa kila asubuhi kwa sababu mama mmoja wa Matombo alisema inasaidia. Huenda inasaidia. Kuna siku daftari linasema ndiyo na kuna siku linasema hapana, nami siwezi kuisifia togwa kwa kuionea huruma tu.

Nilichokuwa nakiogopa kilikuja kama miezi minne baadaye. Mtani alikuja langoni saa ya chakula, ametoka sokoni, amenona. Palikuwa na wanaume kumi na kitu wameketi kwenye mbao, midomo imejaa. Akasimama katikati, akashika kiuno.

"Nyie, mnakula kwa huyu? Huyu Mnyamwezi anaumwa tumbo mwaka wa nne! Ndoo ile mnayoiona, hachoti maji, anakwenda kuharisha! Alipotakiwa kupimwa alikuja kuniomba mavi yangu, kwenye kiberiti, nikampa!"

Kila neno lilikuwa kweli tupu. Nikatazama sahani, nikisubiri zianze kuwekwa chini.

Fundi mmoja wa mitambo akamaliza kutafuna. "Ndiyo maana Waluguru hamna mbolea shambani," akasema. "Mnagawa." Pakalipuka kicheko. Mwingine akasogeza sahani aongezwe maharage. Hakuna aliyeamini hata nusu. Maneno yametoka kwa mtani, watu wakayapokea kama ya mtani.

Kwa kuwa naandika haki, niseme kwamba wawili hawakurudi tena. Sijui kama ni kwa ajili ya yale maneno au chumvi, maana siku hiyo chumvi nayo ilizidi.

Mtani akanisogelea pale kwenye mafiga, akajifanya anachungulia sufuria. "Leo vipi?" akauliza chini chini. Hakucheka. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake hiyo ikinielekea mimi.

"Limesokota tangu saa mbili."

"Mbona umesimama?"

"Wateja."

Akaninyang'anya upawa. "Nenda. Na ndoo uiache, wameshajua."

Nikaenda, mikono mitupu, mbele ya watu wote, na wala sikukimbia. Nilikaa huko muda wangu. Niliporudi, sufuria ya nyama ilikuwa nyeupe, haina kitu, na kila Mluguru pale langoni alikuwa na minofu minne kwenye sahani yake, ananisifia kwa mapishi.